Mjusi wa kina Salma

*Kikundi: Ukoo wa Mtanda, Lindi*

*Mama Salma:* Asalaam aleykum jmn, kaka Hemedi upo? Shuleni kwa kina Salma kuna maonesho Ijumaa, darasa lao wamepewa ukuta wa stoo wachore mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa huku kwetu Lindi, sasa mwalimu kusikia mjomba mtu anaandika mabango basi hanipumzishi 😂

*Mjomba Hemedi:* Ijumaa hii hii?? Dada nina vibao viwili vya ghala la korosho havijakauka

*Ba mdogo Saidi:* Si unapiga brashi tu mkubwa, dk 5

*Mjomba Hemedi:* Wee Saidi nyamaza. Mifupa yake kule makumbusho ya Berlin imesimama mita 13.27, ukuta ule naujua nilishaupaka, mita 3 kwenda juu, nikigawa kwa tano anakuwa mita 2 na senti 65 anaingia bila kugonga bati. Napiga kamba ya chaki, miraba ya nusu mita, sita juu tisa pembeni, inakuja 54. Wako wangapi darasani?

*Mama Salma:* 51

*Mjomba Hemedi:* Safi. Kila mtoto na mraba wake, ananakili kutoka kwenye karatasi. Mimi brashi sishiki, nikishika watasema kazi ya fundi. Mchoro huu hapa 📷

*Mama Salma:* Ni Salma naandika. Shikamoo mjomba. Miguu umekosea, ya mbele ndo mirefu, ww umechora ng'ombe

*Mjomba Hemedi:* Marahaba 🙈🙈 dah kweli, mgongo unashukia mkiani. Nafuta

*Ba mdogo Saidi:* Fundi huyo 😂😂😂

*Mama Salma:* Bibi yuko hapa anauliza na waliobeba je? Maana ile mifupa ilitoka porini mpaka bandarini hapa Lindi juu ya vichwa vya watu

*Ba mdogo Saidi:* Hapo bibi kasema, Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, tani zaidi ya 200, gari hamna

*Mjomba Hemedi:* Na chini ya tumbo kuna miraba mitupu nilitaka nijazie majani. Wakae hapo, mstari mzima na mizigo yao

*Mama Salma:* Salma anasema hao ni wake asiguse mtu

*Mjomba Hemedi:* Haya. Rangi iwe ya maji lakini, ya mafuta ikiingia kwenye sare mama zao watanifuata mpaka kibandani. Makopo matatu, nyeusi, nyeupe na udongo

*Ba mdogo Saidi:* Kopo moja langu, natuma kesho

*Mjomba Hemedi:* Kesho ya kweli au ya kwako?