Probox nzito kuzunguka baada ya kubadilisha kemshafti na taiming cheni

Dereva wa Mtama

Wakuu, salaam. Gari yangu ni Probox, injini 1NZ. Kazi yake abiria na mizigo, Mnazi Mmoja hadi Mtama na Nyangao, na msimu wa korosho hailali. Ilianza kelele asubuhi, kama mtu anatikisa kopo la misumari, ikishapata moto inapungua. Fundi akafungua, akakuta cheni imelegea na kemshafti ya ekzosi (shafti ya juu inayofungua valvu za kutoa moshi) imeliwa. Kosa langu nalijua: oili niliisahau.

Cheni mpya nilipata Mtwara mjini. Kemshafti ya mtumba niliagiza Dar, ikaja na basi. Kabla ya kufunga, fundi akapata msiba kwao Newala, kwa hiyo tumemalizia wenyewe, mimi na mdogo wangu. Alama za cheni tumezihesabu mara tatu, zimekaa.

Sasa injini ni nzito. Plagi zote nimetoa, gia iko huru, lakini nikiweka spana kwenye bolti ya puli ya krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) lazima nivute kwa mikono miwili mpaka gari inatikisika. Zamani mkono mmoja ulitosha. Stata nimejaribu mara moja tu, ikalia "tk" ikanyamaza. Siku ya nne leo gari haijaingiza hata mia, na mama watoto ameacha kuniuliza. Hilo ndilo linanitisha.

Kijana wa Masasi

Betri hiyo. Chaji usiku mzima, mimina oili kidogo kwenye matundu ya plagi, piga stata ndefu. Itaachia yenyewe. Yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Fundi wa Chikongola

Mdogo wangu wa Masasi, mwenzio anazungusha kwa spana. Betri inaingiaje hapo?

Dereva, stata usiiguse tena. Kemshafti za 1NZ hazina bushi za kubadilisha, zinakaa moja kwa moja kwenye aluminiamu ya silinda hedi. Ukilazimisha zikaikwangua, utatafuta hedi nzima.

Hebu nieleze huo uzito. Inazunguka vizuri halafu inagota pale pale kila mara? Basi valvu inagonga pistoni, au kuna nati imetumbukia ndani, acha kabisa. Au ni nzito mduara mzima? Kupanda na kushuka kidogo ni springi za valvu, hiyo kawaida. Ila uzito usioachia maana yake kuna kitu kimebanwa. Maji kwenye silinda siyawazi, maana plagi umetoa, yangeruka.

Swali la pili: hiyo kemshafti ya mtumba ilikuja na kepu zake, vile vifuniko vinavyoishika kwenye hedi?

Dereva wa Mtama

Mduara mzima, haigoti popote. Kepu zilikuja, ndiyo, zimeviringishwa kwenye kitambaa. Zilikuwa safi kuliko zangu zilizojaa masizi, nikafunga hizo upande wa ekzosi. Zangu ziko kwenye kopo la maziwa. Bolti nilikaza kwa spana ya kawaida mpaka mkono ukaridhika.

Fundi wa Chikongola

Mkono haujui kuridhika, kaka. Umeshajijibu.

Kiwandani kepu hufungwa kwanza kwenye hedi yake, ndipo tundu la kemshafti linachongwa vyote vikiwa pamoja. Kepu ya hedi nyingine itakaa vizuri machoni, lakini tofauti usiyoiona inatosha kubana shafti. Hata za hedi moja hazibadilishani nafasi. Zitazame juu: I ni inteki (upande wa kuingiza hewa), E ni ekzosi, namba zinaanzia upande wa cheni, na mshale unaelekea huko huko.

Zungusha krenki taratibu pistoni zitoke juu, zikae katikati, ndipo utoe cheni. Ishike kwa waya isitumbukie. Kuanzia hapo krenki usiizungushe mpaka kemshafti zote mbili ziwe nje. Zikishatoka valvu zote zimefunga, izungushe peke yake. Ikiwa laini, ujue chini hakuna tatizo, ugonjwa uko juu.

Halafu toa tapeti, vile vikombe vilivyo kati ya kemshafti na valvu, weka kemshafti tupu na oili, funga kepu zako za zamani. Kaza kidogo kidogo ukianzia katikati, kwa torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza: kepu ndogo 13 Nm, ile kubwa ya mbele 23 Nm. Shafti izunguke kwa vidole. Isipozunguka, usiendelee.

Mama wa Mikindani

Tapeti zisichanganyike, kila moja na unene wake. Marehemu mume wangu alitumia trei la mayai, akaandika namba kwa chaki. Watoto walikatazwa hata kupita karibu na hilo trei.

Dereva wa Mtama

Mama, trei nimelipata, mayai yake tumekula. Torki renchi nimeazima Nyangao kwa fundi wa matrekta, kaniwekea masharti kama naoa.

Krenki peke yake: laini. Kemshafti na kepu zangu: inazunguka kwa vidole viwili. Nikajaribu kurudisha zile za mtumba moja moja, na nilipofika E3 shafti ikashika. Kepu hiyo ina alama inayong'aa upande mmoja. Kwenye hedi kuna mstari mwembamba, nikipitisha ukucha haukwami.

Nimefunga zangu zote, cheni imerudi, krenki nimeizungusha mara mbili kamili, alama zimekutana. Mkono mmoja, kama zamani. Kilichobaki ni kimoja: nimepima nafasi ya tapeti kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa ya baridi, zote nzuri isipokuwa moja ya ekzosi inasoma 0.20 mm. Niwashe hivyo hivyo?

Fundi wa Chikongola

Mstari usiokwamisha ukucha utaishi nao, ila oili mpya na filta mpya.

Hiyo tapeti usiwashe nayo. Ekzosi inatakiwa 0.25 hadi 0.35 mm, inteki ndiyo 0.15 hadi 0.25. Ikibana, valvu haitafunga vizuri ikipata moto, itaungua. Unataka nyembamba kwa 0.10 hivi. Namba ya unene imeandikwa ndani yake, itoe uisome unitumie. Nina kopo la tapeti za 1NZ hapa, nikiipata nampa kondakta wa basi la asubuhi.