Ninaomba umeme ukatwe nguzoni, ninaambiwa "zima meni swichi"!

Wakuu, nimetoka dirishani kwao sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Sitawataja, maana hakuna mkazi wa Mwanza mwenye mita ukutani asiyewajua. Niliomba jambo moja tu: waje wakate umeme nguzoni kwa siku mbili, mafundi wangu wabomoe ukuta wenye mita na kubadilisha mabati, kisha waje waurudishe. Nikajibiwa mbele ya foleni nzima: "Mama, si uzime tu meni swichi?"

Si uzime tu meni swichi! Meni swichi iko baada ya mita. Ukiizima, taa zinazimika na friji linanyamaza, lakini waya unaotoka nguzoni hadi kwenye mita unabaki na volti zake 230 kama kawaida. Waya wangu huo umepita juu ya paa, mpira wake umepasuka kwa jua, na shaba inaonekana, kipande kidogo kama ukucha, vidole viwili tu kutoka kwenye bati. Bati hilo ndilo atakalolishika kwa mikono miwili kijana mwenye mtoto wa miezi minne, akiwa juu ya ngazi ya chuma, msimu huu ambao mvua inatoka ziwani bila kubisha hodi.

Wala siwezi kumwambia achomoe mwenyewe, kwa sababu mita ina lakiri, na lakiri ikikatwa mimi ndiye nitakayeitwa mwizi wa umeme.

Hii ni wiki ya tatu tangu nipeleke barua. Mara gari halipo, mara mwenye zamu yuko saiti. Saruji niliyoipanga sebuleni imeganda hadi imeushinda ugumu mwamba wa Bismarck. Hayo yote ningeyameza. Lakini kuambiwa "zima meni swichi" na mtu aliyevaa sare ya kazi hiyo!

Mkazi wa Nyamanoro: Wiki tatu ndiyo unalia, mama? Saruji nani alikutuma ununue kabla ya jibu? Siku nyingine peleka barua nakala mbili, moja wakugongee mhuri ubaki nayo.

Mleta uzi: Mhuri ninao. Mhuri hauzimi waya.

Fundi wa Igoma: Mama yuko sahihi. Mimi paa lenye waya hai silipandi hata kwa malipo mara mbili.

Kijana wa Kirumba: Afadhali wewe una waya wa kukatwa. Kwetu nguzo imeinama tangu mvua za mwaka jana, tumeifunga kamba kwenye mwembe, na watoto wanapita chini yake kwenda shule.

Mkazi wa Nyamanoro: Kamba ya katani au ya nailoni? Ikilowa hiyo ni hatari nyingine.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye meni swichi.

Fundi wa Igoma: Kijana, nguzo hiyo ni ya mti au ya zege?