Runinga inatoa sauti lakini kioo kimebaki giza: nianzie wapi kabla ya kununua bodi?

Mtazamaji:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba ushauri kuhusu runinga yetu ya nyumbani, ya LED, inchi 43, ambayo tumeitumia kwa miaka minne bila usumbufu wowote. Wiki tatu zilizopita ilianza kupoteza picha katikati ya kipindi huku sauti ikiendelea, na kila tulipoizima na kuiwasha tena picha ilirudi. Baadaye picha ikawa inadumu dakika tano, kisha dakika moja, na tangu juzi nikiiwasha kioo kinamulika kwa muda usiozidi sekunde mbili, nembo inaonekana, halafu giza. Sauti ni safi, rimoti inabadilisha stesheni kama kawaida, na taa nyekundu ya chini haipepesi.

Fundi niliyemweleza kwa simu alinijibu, bila kuiona, kwamba bodi kuu imekufa na kwamba ninunue nyingine. Mama yangu, ambaye siku hizi hatoki nje kwa sababu ya miguu, anaitegemea runinga hii kutwa nzima, kwa hiyo nina haraka ya kuitengeneza. Lakini sitaki haraka hiyo inifanye ninunue kifaa kisichohusika na tatizo. Ninayo multimita ya kupimia umeme, na nimewahi kulehemu redio mara kadhaa. Je, kuna namna ya kujua hapa nyumbani mahali ubovu ulipo?

Bi Nuru:
Pole sana, na mpe mama salamu zetu. Anza na yasiyo na gharama: chomoa waya wa umeme ukutani kwa dakika kumi, ondoa king'amuzi na vifaa vyote vilivyounganishwa, kisha iwashe ikiwa peke yake. Kagua pia menyu, kwa maana baadhi ya runinga zina kipengele cha kuokoa umeme kinachozima picha na kubakiza sauti, na mtu anaweza kukibonyeza bila kujua.

Fundi wa Saketi:
Ushauri wa Bi Nuru ufuatwe kwanza, kwa kuwa hauharibu kitu. Hata hivyo, maelezo yako, hasa zile sekunde mbili za mwanga, yananielekeza kwingine, na kwa maoni yangu aliyekuambia bodi kuu imekufa hakukusikiliza vya kutosha. Bodi kuu ndiyo inayopokea amri za rimoti, kubadilisha stesheni na kutoa sauti. Kama kazi hizo zote zinafanyika, ni vigumu kuituhumu kabla ya kuchunguza sehemu nyingine.

Kinachoitwa runinga ya LED ni kioo cha LCD ambacho chenyewe hakitoi mwanga hata kidogo. Picha huchorwa na kioo, lakini mwanga unaotuwezesha kuiona hutoka kwenye taa ndogo za LED zilizopangwa kwenye stripu nyuma yake. Taa hizo huungwa kwa mfuatano, yaani mkondo ule ule unapita taa ya kwanza, ya pili, hadi ya mwisho, na kwa sababu hiyo taa moja ikikatika msururu wote unazimika. Saketi inayozilisha huongeza volti ikijaribu kusukuma mkondo, hugundua kwamba haupiti, na hujifunga yenyewe ili isilete madhara. Zile sekunde mbili unazoziona mara nyingi ni taa iliyochoka, ambayo hushika ikiwa ya baridi na kuachia mara inapopata joto. Ndiyo maana hali yako ilianza na vipindi virefu vya picha, ikaja dakika tano, ikaja moja.

Ufanye jaribio la tochi usiku wa leo. Zima taa za chumbani, washa runinga, subiri kioo kiingie giza huku sauti ikiendelea, kisha sogeza tochi yenye mwanga mkali karibu kabisa na kioo na uimulike kwa upande. Chagua menyu au kipindi chenye maandishi makubwa, kwa sababu maandishi huonekana kwa urahisi zaidi kuliko sura za watu. Ukiona picha hafifu, basi kioo na bodi kuu vinafanya kazi, na ubovu uko kwenye taa au kwenye saketi inayozilisha. Usipoona chochote, tutahamia kwenye bodi ya kioo na nyaya zake bapa.

Mzee wa Chogo:
Mwanangu, kabla hujafungua kifuniko cha nyuma, nisikilize kwa makini. Mimi nilijifunzia kazi kwenye runinga za chogo, ambazo mtungi wake wa picha ulibeba zaidi ya volti 20,000 na uliweza kuhifadhi umeme hata baada ya runinga kuchomolewa. Hizi bapa hazina mtungi, na kwa sababu hiyo vijana wengi huzidharau. Ndani ya bodi ya umeme kuna kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) moja kubwa, au mbili, zinazopokea umeme wa ukutani uliokwisha kugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu (DC). Umeme wa volti 230 ukishageuzwa hivyo hufika takriban volti 325, na katika runinga nyingine huinuliwa hadi karibu 400. Kiasi hicho kinaweza kuua.

Chomoa waya, usubiri, kisha pima kapasita hiyo kwa multimita iliyowekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu. Ikiwa bado ina chaji, iondoe kwa rezista, yaani kipingamkondo, ya kati ya omu 2,000 na 10,000 yenye uwezo wa wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa mpira, halafu upime tena. Usiichape kwa bisibisi kama baadhi ya watu wanavyofanya, kwa kuwa cheche ile huweza kuharibu bodi na kukujeruhi macho. Upande huo wa bodi usiuguse kamwe runinga ikiwa imechomekwa.

Ukiwa umefungua, angalia vichwa vya kapasita ndogo za upande wa pili. Kichwa kilichovimba au kilichovuja ni ushahidi tosha. Ukibadilisha, mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji) ziwe zile zile, volti ziwe sawa au zaidi, na uchague zile za kuhimili nyuzi joto 105.

Mtazamaji:
Mzee wangu, nashukuru; nimeyazingatia yote. Bi Nuru, nimeiacha bila umeme kwa nusu saa na hakuna kilichobadilika. Jana usiku nilifanya jaribio la tochi, na kwa kweli nilisisimka: orodha ya stesheni ilionekana kwa kufifia, na maandishi yalisogea kila nilipobonyeza rimoti. Asubuhi nimefungua kifuniko. Kapasita kubwa ilikuwa imebakiza volti 4 tu, na hakuna kapasita iliyovimba. Sasa nitatofautishaje kati ya stripu za taa na saketi inayozilisha?

Mkono Mwepesi:
Ukishazifikia taa, itafute iliyokufa na uunganishe miguu yake miwili kwa kipande cha waya. Mkondo utapita, nyingine zitawaka, na hutahitaji kununua chochote.

Fundi wa Saketi:
Ndugu Mkono Mwepesi, njia yako inawasha runinga, sikatai. Lakini mahali pa taa uliyoiruka patabaki doa jeusi, na taa zilizobaki zina umri ule ule na zimepitia joto lile lile, hivyo baada ya muda atalazimika kukivua kioo tena. Kukivua kioo ndiyo hatua ya hatari kuliko zote katika kazi hii, na mtu anapaswa kuifanya mara moja tu.

Ndugu Mtazamaji, tafuta plagi ndogo inayotoka kwenye bodi ya umeme kwenda kwenye taa, ambayo mara nyingi huandikwa LED+ na LED−. Ifunge multimita kwenye nyaya hizo runinga ikiwa imechomolewa, uiweke kwenye kipimo cha volti 600 au zaidi, kisha ndipo uwashe ukiwa umeondoa mikono yako. Volti zikipanda juu kwa ghafla na kushuka, saketi inajitahidi na taa ndizo zinazokataa. Zisipopanda hata kidogo, tutaichunguza bodi, tukianzia na amri ya kuwasha taa inayotoka bodi kuu.

Mtazamaji:
Zilipanda hadi 168, kisha zikashuka.

Fundi wa Saketi:
Basi ni taa. Sasa tulia, kwa sababu runinga nyingi hufa katika hatua hii mikononi mwa watu wenye nia njema.

Tafuta mtu wa kukusaidia. Laza runinga juu ya godoro au blanketi nene, toa fremu, na uchunguze ukingo wenye nyaya bapa nyembamba za rangi ya kahawia zinazounganisha kioo na bodi zake. Nyaya hizo zimegandishwa kwenye kioo na hazirekebishiki nyumbani. Ukiipasua moja, utapata mistari ya wima ya kudumu. Kioo kinyanyuliwe na watu wawili kwa wakati mmoja, bila kupindwa, na kiwekwe mahali ambapo hapatapita mtoto wala paka. Chini yake utakuta karatasi nyeupe za kusambaza mwanga. Zipige picha kabla ya kuzitoa, uzipange kwa mfuatano wake, na usizishike kwa mikono yenye jasho, kwani alama ya kidole inaweza kuonekana kwenye picha baadaye.

Kujua taa iliyokufa, kipimo cha diodi cha multimita huwasha kwa ufifi taa za volti 3, lakini hakitoshi kwa zile za volti 6. Kwa hizo utahitaji kipima taa maalumu. Usiagize stripu kwa kufuata jina la runinga pekee, kwa sababu modeli moja huweza kutoka kiwandani na vioo vya aina tofauti. Soma namba iliyochapwa kwenye stripu yenyewe, hesabu taa, pima urefu, na uhakikishe kama ni za volti 3 au 6. Badilisha stripu zote kwa pamoja, hata zile zinazowaka.

Bi Nuru:
Niongeze jambo moja tu. Kila taa hufunikwa na kilenzi cha plastiki. Kikichomoka, utaona nukta nyeupe kali kwenye picha, nawe utadhani umeharibu kioo. Kiangalie kila kimoja kabla ya kurudisha karatasi.

Mtazamaji:
Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilisubiri stripu zifike. Taa mbili zilikuwa zimekufa kwenye stripu ya kati, na mahali pake palikuwa pamebadilika rangi kwa joto. Nilibadilisha zote. Kilenzi kimoja kilikuwa kimelegea kama alivyotahadharisha Bi Nuru, na nilikigandisha kabla ya kufunga. Ndugu yangu alinisaidia kunyanyua kioo, naye mama alikaa mlangoni akituelekeza tusigonge ukingo wa meza. Picha imerudi, na imekaa saa sita mfululizo bila kuzima.

Nina swali moja la mwisho: nifanye nini ili hizi mpya zidumu?

Fundi wa Saketi:
Hongera, na nimefurahi kwa ajili ya mama. Ingia kwenye menyu ya picha, utafute kipengele cha mwanga wa nyuma. Usikichanganye na ung'avu wa picha, ambao katika runinga nyingi hubadilisha weusi wa picha tu na hauzipunguzii taa mzigo wowote. Runinga nyingi hutoka zikiwa na mwanga wa nyuma uliowekwa juu sana ili zivutie dukani, na joto linalotokana na hapo ndilo linalozichosha taa. Uweke kati ya 50 na 60. Kisha hakikisha matundu ya nyuma hayajabanwa na ukuta.

Mtazamaji:
Ulikuwa 100. Nimeushusha hadi 55 na kuisogeza runinga mbele kidogo. Mama anasema macho yake sasa hayachoki kama zamani.