Kozi ya uandishi wa Kiingereza chuoni, nijiandaeje?

Binti wa Uyole: Wakuu habari, naanza mwaka wa kwanza hapa Mbeya na kuna kozi ya kuandika insha za Kiingereza, msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari tulikuwa tunakariri notsi tu, nianzie wapi jamani?

Kijana wa Kihesa: Dada usiogope. Kila siku andika aya moja, sentensi ya kwanza ibebe hoja yako zinazofuata zitoe ushahidi, ukimaliza isome kwa sauti, makosa mengi utayasikia mwenyewe.

Mama Tukuyu: Mwanangu, ukichukua wazo la mtu taja mwandishi na mwaka, kunakili kimyakimya chuoni ni kosa kubwa, usicheze nalo kabisa!! Na rasimu ya kwanza usiikusanye.

Binti wa Uyole: Shikamoo mama, asanteni sana, leo naandika kuhusu soko la Mwanjelwa.