Mjadala: Kipindi cha makumbusho kwenye skrini kihesabiwe kuwa ziara ya kimasomo?

Mleta mada

Wadau wa elimu, heshima kwenu.

Nafundisha sayansi shule ya msingi na kuna jambo limenikaa rohoni, naomba tulijadili kwa uwazi. Makumbusho mengi ya sayansi duniani yanatoa vipindi shirikishi kwa madarasa yaliyo mbali. Mwongozaji anakaa studio na vifaa vyake, wanafunzi wanabaki darasani, wanaonana na kusemezana kupitia skrini kwa dakika 45 hadi saa moja. Hilo ni jema na nalipenda. Ila sasa kamati za shule zimeanza kusema: kipindi tumeshakilipia, kwa hiyo ziara imefanyika, basi la nini tena? Kwenye mpango wa mwaka, palipoandikwa "ziara ya kimasomo" panapigwa tiki, na fungu la usafiri linaondoka kimyakimya.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kipindi cha masafa ni somo la maabara, si ziara. Kilipiwe kama maabara, kipimwe kama maabara, na fungu la basi liachwe palepale lilipo.

Wala sivibezi vipindi hivi. Mwaka jana darasa langu la wanafunzi 31 lilipasua macho ya ng'ombe likiongozwa na mtu aliyekuwa mamia ya kilomita kutoka tulipo. Wiki moja kabla tulitumiwa orodha ya vifaa: jicho moja kwa kila wanafunzi watatu, mkasi wenye ncha kali, sinia, glavu, kipande cha gazeti. Upande wake kulikuwa na kamera mbili. Moja ilimwonyesha uso, nyingine ilikuwa juu ya sinia lake, hivyo kila alipokata tuliona kwa ukaribu ambao hata aliyekaa mstari wa mbele ukumbini haupati. Akawaambia watoe lenzi waiweke juu ya gazeti. Herufi zikavimba. Darasa zima likalipuka kwa kelele.

Kisha msichana mmoja, ambaye muhula mzima sikuwahi kumsikia akiuliza swali, akasogea kwenye kipaza sauti. "Mbona huku ndani kuna rangi kama shingo ya tausi?"

Mwongozaji hakumjibu. Alimwambia, "Zimeni taa, halafu mulika hapohapo kwa tochi." Tukazima. Ule utando wa nyuma ya jicho ukawaka bluu na kijani mbele ya nyuso zao. Ndipo akamuuliza kama amewahi kuona macho ya mnyama yaking'aa gizani, na mtoto akafika mwenyewe. Utando huo unaitwa tapetamu. Uko nyuma ya retina, tabaka la ndani ya jicho linalopokea mwanga, na kazi yake ni kuurudisha mwanga upite kwenye retina mara ya pili, mnyama apate kuona penye mwanga hafifu. Sisi binadamu hatunao. Yule msichana alielewa kwa sababu alikuwa na jicho mkononi, na upande wa pili palikuwa na mtu aliyemsikia.

Kitu mkononi na mtu anayesikia. Vikikosekana hivyo, sioni tofauti na kutazama video. Muhula uliofuata tulijiunga na kipindi cha makumbusho mengine. Tuliunganishwa shule tano kwa mpigo, kamera zetu tukaambiwa tuzime, maswali tuandike, na msaidizi alichagua mawili matatu ya kusoma. Vifaa hakuna. Baada ya dakika ishirini watoto wangu walikuwa wanachora pembezoni mwa madaftari. Na bado, kwenye taarifa ya shule, siku ile iliandikwa "ziara".

Nawasilisha.

Mwalimu mkuu wa shule ya pembezoni

Mwalimu mwenzangu, naomba kutofautiana nawe, na nitasema bila kuzunguka.

Unaliongelea fungu la basi kana kwamba kila shule inalo. Kwetu hakuna fungu la kufutwa. Makumbusho ya sayansi yaliyo karibu nasi ni mwendo wa saa tisa, na ukishafika watoto walale wapi, nani awaangalie usiku, nani awafundishe waliobaki? Nimekuwa mkuu wa shule miaka kumi na miwili na sijawahi kupeleka darasa hata moja. Kwa hiyo skrini haikuondoa ziara kwetu. Ilikuta ukuta mtupu.

Kuna hili la jina pia. Wewe unaona "ziara" ni neno tu. Mimi naandika maombi ya fedha kila mwaka, na najua kuwa ziara ya kimasomo ina nafasi yake kwenye fomu. Maabara kwa shule ya msingi haina. Siku utakayowashawishi wakubwa kwamba kipindi cha masafa si ziara, hawataniongezea fungu la maabara. Watanifutia kipindi.

Mwaka 2020 UNICEF na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti kwamba theluthi mbili ya watoto wa miaka 3 hadi 17 duniani, yaani watoto bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Wanafunzi wangu wengi wamo humo. Ukimtumia mtoto kiungo akaangalie kwao, hakioni. Projekta moja, spika mbili na watoto arobaini kwenye chumba kimoja, hapo ndipo sayansi ya makumbusho inapomkuta. Tafadhali msiniondolee hicho kwa ajili ya usafi wa maneno.

Mzazi

Naunga mkono mleta mada, ila kwa sababu nyingine. Kwa maoni yangu haya mambo ni mabaki ya korona. UNESCO ilikadiria kuwa takribani asilimia 90 ya makumbusho yote duniani, zaidi ya 85,000, yalifunga milango mwaka 2020, yakalazimika kutafuta njia ya kuwafikia watu. Sasa milango iko wazi. Watoto wetu wanakaa mbele ya skrini vya kutosha. Waende wakaguse.

Niliyewahi kuongoza vipindi hivi

Nilifanya kazi ya uongozaji kwenye makumbusho ya sayansi kwa miaka mingi, ukumbini kwanza, baadaye studio. Naomba nimsahihishe mzazi kwa heshima, kisha niseme jambo ambalo sisi wa upande ule huwa hatulisemi.

Vipindi hivi ni vya zamani kuliko korona. Robert Ballard, mtafiti wa bahari aliyeongoza kazi ya kuipata meli iliyozama ya Titanic mwaka 1985, alipokea maelfu ya barua za watoto waliotaka kwenda naye safari nyingine. Mwaka 1989 akaanzisha mradi wa JASON. Roboti ikashushwa chini ya bahari ya Mediterania, picha zikarushwa kwa setilaiti hadi kwenye makumbusho ya Marekani na Kanada, na wanafunzi waliojaa kumbini wakazitazama wakati huohuo. Makumbusho ya sayansi ya Liberty Science Center, New Jersey, Marekani, yamekuwa ikiwaunganisha wanafunzi na chumba cha upasuaji tangu miaka ya 1990. Wanatazama upasuaji halisi unaoendelea na kumuuliza daktari maswali akiwa kazini.

Tazameni kilichochaguliwa hapo. Sakafu ya bahari. Kifua cha mgonjwa kilichofunguliwa. Hakuna basi linalofika huko. Skrini ilitumika kupeleka watoto pasipofikika, na hapo haishindani na ziara yoyote.

Sasa chukueni pendulumu ya Foucault, tufe zito linalobembea kwenye waya mrefu na kuonyesha kuwa dunia inazunguka. Ile ya Paris ya mwaka 1851 ilikuwa na waya wa mita 67 na tufe la kilo 28, na makumbusho mengi ya sayansi yana ya kwao. Nimejaribu kuionyesha kwa kamera mara nyingi. Mtoto wa mbali anaona mpira unaning'inia, unakwenda na kurudi. Mtoto aliyesimama chini yake anainua shingo kuutafuta mwisho wa waya, anasubiri, anaondoka, anarudi baada ya nusu saa na kukuta kijiti kilichokuwa kimesimama kimeangushwa. Muda ule wa kuondoka na kurudi ndio somo lenyewe, kwa sababu dunia imezunguka wakati yeye anatazama vitu vingine. Kwenye kipindi cha dakika 45 hakuna kuondoka na kurudi.

Kuhusu shule tano kwa mpigo: ni hesabu. Mwongozaji mmoja, fundi mmoja na studio moja vina gharama ileile ukiwa na darasa moja au matano. Uongozi ukibanwa na bajeti, madarasa yanaongezwa, na kitu cha kwanza kufa ni mazungumzo. Sauti inachelewa njiani. Ikipita kwenye setilaiti iliyo juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka hapa chini, kupanda na kushuka peke yake kunakula takribani robo ya sekunde kabla swali halijafika, na jibu nalo linakula robo nyingine. Hata kwa nyaya za kawaida watoto wanaanza kukatizana. Nilijifunza kuuliza swali kisha kuhesabu moja hadi tano kimoyomoyo, nikiwaangalia usoni. Kwa darasa moja inawezekana. Kwa shule tano zilizozima kamera unamwangalia nani? Kwa hiyo unahutubia. Nimehutubia hivyo mara nyingi, na sijivunii.

Mwanafunzi wa ualimu

Kuna utafiti ambao nadhani unagusa hoja ya mwalimu mkuu. Makumbusho ya Crystal Bridges yalipofunguliwa Arkansas, Marekani, mwaka 2011, shule zilizoomba ziara zilikuwa nyingi kuliko nafasi, ikapigwa kura ya bahati nasibu. Watafiti wakalinganisha waliokwenda na waliokuwa bado wanasubiri, karibu wanafunzi 11,000. Waliokwenda walikumbuka mengi waliyoelezwa na walifanya vizuri zaidi kwenye kuchambua walichokiona. Waliofaidika zaidi ni watoto wa vijijini na wa shule zenye umaskini mwingi.

Ni makumbusho ya sanaa, si ya sayansi, kwa hiyo siyachukui yote mzimamzima. Lakini yananipa wasiwasi. Wanaoambiwa "ninyi mko mbali, skrini inawatosha" ndio haohao ambao basi lingewafaa zaidi.

Mzazi

Nimesahihishwa kuhusu korona, asante. Hilo la chumba cha upasuaji sikulijua. La kugusa vitu bado nalishikilia.

Mleta mada

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mwalimu mkuu, nianze na wewe, maana umenigusa. Niliandika nikiwa kwenye shule yenye basi, nikasahau kuwa wengine hawana. Sentensi yangu ya kwamba kipindi kilipiwe "kama maabara" inafaa palipo na maabara ya kulinganisha nayo. Kwako naiondoa.

Ila jina sitaliachia, na utafiti aliouleta kijana wetu umeniongezea nguvu. Crystal Bridges hawakuishia kufungua milango. Waligharamia usafiri, chakula cha mchana na hata walimu wa kushika madarasa yaliyoachwa. Ndiyo maana shule za mbali zilifika. Hizo saa tisa za kwako ni jambo la fedha, mwalimu mkuu, na kila mwaka unapojaza "ziara: imefanyika" kwa sababu ya kipindi cha skrini, unamsaidia mwenye fedha kusema shule yako haidai kitu. Najua unajaza hivyo ili kukilinda kipindi. Naogopa unakilinda kwa kuuza haki ya watoto kusafiri siku moja. Naomba fomu iongezwe mstari wake, "somo la makumbusho kwa masafa", na ule wa ziara ubaki wazi, uonekane wazi, hadi mtu aulizwe kwa nini miaka kumi na miwili haujajazwa. Hilo niko tayari kuliandikia barua pamoja nawe, saini mbili zina uzito kuliko moja.

Kwako uliyekuwa studio: umenifanya nipanue mada. Nilikuwa naona aina mbili tu, kipindi kizuri na kibaya. Sasa naona kipindi cha kwenda pasipofikika, ambacho hata shule iliyo mlango wa pili na makumbusho inakihitaji. Darasa langu linaweza kwenda kwa basi kuona pendulumu na kubaki darasani kuona moyo unaofanyiwa upasuaji, mwaka huohuo, na kimoja kisikile kingine.

Kuhusu shule tano, nashukuru kwa ukweli wako. Kwangu hilo liitwe matangazo, na bei yake iwe ya matangazo. Wakitangaza "kipindi shirikishi", nitauliza mambo mawili kabla ya kulipa: tutakuwa madarasa mangapi, na vifaa vinafika lini. Jana nimeuliza kwa ajili ya kipindi cha moyo wa kondoo. Wamejibu darasa moja, na orodha nimeshaipata.

Mwalimu mkuu, uliniandikia pembeni ukitaka ile orodha ya macho. Nimekutumia. Nyongeza moja ambayo haimo: wakishafika kwenye retina, waambie waisukume taratibu kwa kidole. Ni laini, itakunjana yote kama utando wa maziwa, isipokuwa sehemu moja ambapo imeshikilia na haitoki. Hapo ndipo neva inapotokea kwenda kwenye ubongo, na hapo jicho halioni. Watakugeukia wewe kuuliza kwa nini imeshika. Zuia ulimi, waelekeze kwenye kipaza sauti.