Hivi wafalme wa Wamaya waliziamini kweli zile stori za miungu au ilikuwa janja ya kubaki kwenye kiti?

mdadisi_wa_kale
Wakuu salama? Nimekuwa nasoma habari za Wamaya kabla Wahispania hawajafika, ile miji ya kusini mwa Mexico, Guatemala na Honduras, sasa kuna kitu kinanisumbua. Mfalme wao alikuwa anaitwa k'uhul ajaw, yaani bwana mtakatifu, na ukiangalia mawe waliyochonga unamkuta mara kavaa kama mungu wa mahindi, mara kashika sanamu ya K'awiil, yule mungu wa radi mwenye mguu wa nyoka. Je, hawa jamaa waliamini wenyewe au walikuwa wanawapiga wakulima changa la macho ili wajenge mapiramidi bila kulalamika? Mimi naona kama kiini macho tu.

jiwe_lasema
Mkuu anza na Palenque, mji wa Wamaya kusini mwa Mexico. Mfalme wao Pakal alitawazwa mwaka 615 akiwa na miaka 12 tu, na mji wenyewe ulikuwa hoi, wapinzani wao wa mji wa Calakmul walishaupiga 599 wakarudi tena 611. Halafu dogo baba yake hakuwa mfalme, haki ya kiti aliipata kwa mama yake Sak K'uk', na kwa watu waliozoea baba kumwachia mwana hapo lazima maneno yawepo. Sasa cheki mwanae Kan Bahlam alivyocheza. Mwaka 692 akazindua mahekalu matatu, kila moja la mungu wake kati ya wale watatu walinzi wa mji, na maandishi yanaanza mbali kweli, kabla hata ya 3114 KK ambapo kalenda yao inaanza kuhesabu zama hizi, yanamtaja mzazi wa hao miungu kwamba naye alishika utawala. Jina la huyo mzazi ndilo hilo hilo la aliyekaa kwenye kiti kuanzia 612 mpaka Pakal anaingia! Wataalamu wengi wanaona huyo ni Sak K'uk' mwenyewe. Kwa hiyo ukimhoji mama yake Pakal umemhoji mama wa miungu, nani atathubutu.

Bwana Shaka
Si ndio hapo sasa, umemjibu mwenyewe, propaganda tupu. Mji mwingine wa Wamaya, Yaxchilan, hivyo hivyo, mfalme alifariki 742, mwanae Bird Jaguar wa Nne akaja kutawazwa 752, miaka kumi katikati haieleweki nani alikuwa anaongoza, halafu baada ya kushika kiti akajaza mji mawe yanayomwonyesha yuko na marehemu baba yake kwenye ibada. Mwenye haki yake hajielezi kiasi hicho.

binti_mahindi
Kaka Shaka hapo kwenye mawe niko na wewe ila "tupu" nakataa. Huko huko Yaxchilan kuna jiwe, siku hizi liko British Museum London, linamwonyesha malkia K'abal Xook mwaka 709 anavuta kamba yenye miiba kupitia kwenye ulimi wake, damu inadondokea karatasi za kuchomwa, na jiwe la jirani yake linaonyesha nyoka mkubwa anainuka na mtu anachomoza mdomoni mwake. Muigizaji hajitoboi ulimi jamani. Na kingine, stori ya mahindi haikuanzishwa na hao wafalme wa Palenque, michoro ya ukutani ya San Bartolo kule Guatemala, ya kama mwaka 100 KK, tayari ina mungu wa mahindi na mtu anavishwa taji humo humo. Mfalme alichofanya ni kujipenyeza kwenye kitu ambacho mkulima anakijua tangu utotoni. Na ukishajipenyeza umejifunga, maana ukishindwa wewe ni kama miungu imekukataa. Mji wa Copan, mwaka 738, mfalme wao wa 13 alikamatwa na Quirigua, kamji kadogo kalikokuwa chini yao, akakatwa kichwa. Unajua waliofuata walifanya nini? Wakamalizia ngazi yenye alama zaidi ya 2,000 kusimulia ukoo wao. Aibu ilivyokuwa kubwa ndivyo maandishi yalivyorefuka 😅

mdadisi_wa_kale
Hii ya ngazi imenimaliza. Swali dogo, Popol Vuh, kile kitabu cha masimulizi ya Wamaya, si imeandikwa Wahispania wakiwa wameshaingia? Tunaiaminije?

jiwe_lasema
Ndiyo, nakala tuliyonayo ni ya padri Ximénez miaka ya 1700 mwanzoni, na alinakili maandishi ya Wak'iche', Wamaya wa Guatemala, ya miaka ya 1550, yaani mji wao Q'umarkaj ulishachomwa na Alvarado, kamanda wa Wahispania, 1524. Ila wale mapacha Hunahpu na Xbalanque waliowazidi akili mabwana wa Xibalba, yaani kuzimu, watu wa aina yao wamechorwa kwenye vyombo vya udongo karne nyingi nyuma, hiyo stori si ya juzi. Tatizo watu wanasoma mapacha wakimaliza wanafunga kitabu, wakati mwishoni ndiko kwenye siasa yenyewe, mabwana wanasafiri mashariki kuchukua alama za utawala kwa Nacxit, mtawala wa huko, halafu orodha ya vizazi vya watawala mmoja mmoja. Ukoo wa Kaweq, mmoja wa koo zao za watawala, unaishia kwa Juan de Rojas na Juan Cortés, majina ya ubatizo tayari, na huyo Cortés alivuka bahari mpaka Hispania kudai haki za ukoo wake.

Bwana Shaka
Kwa hiyo bado walikuwa wanagombea kiti 😂 haya, naenda kusoma huo mwisho.