Madalali wa nyumba za mawe Kusini Unguja, acheni kuziba kuta kwa saruji kabla ya kuuza!

Wadau, hili limezidi. Kila tangazo la "nyumba ya mawe ya asili, imekarabatiwa, tayari kuhamia" huko Jambiani, Makunduchi na vijiji jirani, ukienda kuitazama unakuta ukuta umepigwa lipu ya saruji juu mpaka chini, umepakwa rangi ya plastiki, na bei imepandishwa. Mnaharibu kitu kilekile mnachokiuza.

Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene karibu nusu mita. Chini hakuna cha kuzuia unyevu. Maji yanapanda kutoka ardhini na kukaukia nje kupitia chokaa, maana chokaa inapitisha hewa. Ukiifunika kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanazidi kupanda na chumvi yake, chumvi inaganda nyuma ya lipu. Misimu michache ya masika ikipita, lipu inavimba na kubanduka na vipande vya mawe, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko tumbawe.

Na msituambie fundi "kachanganya chokaa kidogo". Lipu ya nyumba hizi ni chokaa iliyorowekwa wiki kadhaa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga, na mchanga wenyewe usiwe wa ufukweni wenye chumvi. Ukuta unaloweshwa kwanza, lipu inapigwa tabaka nyembamba, kisha inafunikwa magunia yaliyoloweshwa isikauke haraka. Kazi hii inataka muda, ndiyo maana mnaikwepa.

Zenye dari ya boriti ndizo zinazotisha. Vyumba vyake ni vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Sasa mtu anamwaga zege lenye nondo juu ya boriti kongwe! Uzito unazipinda, chumvi inaingiza kutu kwenye nondo, nondo inavimba na kupasua zege. Ncha za boriti zilizozama kwenye ukuta uliozibwa zinaoza pasipoonekana.

Mnunuzi, gonga ukuta, hasa mita ya kwanza kutoka sakafuni na nyuma ya makabati. Ukisikia mlio wa utupu, lipu imeshaachia. Chomeka bisibisi kwenye boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama kirahisi, imeoza. Dalali akikukataza, ondoka.

Karatasi nazo zina mambo yake. Nyingi ni nyumba za urithi, kwa hiyo sahihi ya ndugu mmoja mbele ya sheha (kiongozi wa serikali wa eneo) haitoshi, warithi wote wakubali. Ya wakfu, yaani iliyowekwa kwa ajili ya dini au sadaka, si mali ya mtu kuiuza. Na ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali, hivyo anayemwahidi mgeni "kiwanja chako milele" anamdanganya.

Tunachotaka ni kimoja: uzeni ukuta ukiwa wazi, mnunuzi auone ulivyo. Kama saruji imeshapigwa, gharama ya kuibandua itolewe kwenye bei. Wenye picha za kuta zilizobanduka, wekeni hapa, na mtaje kijiji.